Marehemu wa Rehani: Kuielewa "Roho Zilizokufa" ya Gogol

Kila mjadala wa watumishi hewa unapopamba moto, hakosi kutokea mtu wa kukumbusha kwamba Warusi walikwisha liandikia riwaya jambo hili zamani. Anataja jina la kitabu, "Roho Zilizokufa", na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza. Mmoja anadhani ni hadithi ya mizimu. Mwingine anauliza kama ni kitabu cha dini. Wa tatu, aliyewahi kusoma muhtasari mahali, anaeleza kwamba ni kisa cha tapeli anayenunua maiti, halafu anakwama akiulizwa maiti hizo anazipeleka wapi.

Hakuna maiti inayopelekwa popote. Kitabu chote kimesimama juu ya mwanya mmoja wa kodi na mkopo, mwanya ambao msomaji wa Kirusi wa mwaka 1842 aliujua bila kuelezwa. Kwa sababu hiyo mwandishi wake, Nikolai Gogol, hakuwa na haraka ya kuufafanua: hesabu yenyewe ameificha mpaka sura ya 11, na hiyo ndiyo ya mwisho. Sisi ambao hatukuishi chini ya sheria zile tunafika huko tumechoka, tumecheka nusu ya vichekesho na nusu nyingine imetupita. Mimi napendelea kukigeuza kitabu kichwa chini: hesabu kwanza, kicheko baadaye.

Roho ni nini?

Urusi ya wakati ule ilikuwa nchi ya makabaila na watwana. Kabaila alimiliki ardhi pamoja na watu walioilima. Mtwana hakuweza kuhama bila ruhusa ya bwana wake wala kuoa bila idhini yake, na aliweza kuuzwa, kurithiwa au kuwekwa rehani. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 1861, miaka tisa baada ya Gogol kufa.

Juu ya makabaila kulikuwa na dola yenye jeshi kubwa na hazina isiyoshiba. Mfalme Peter Mkuu alipotaka fedha za kulilisha jeshi hilo, alianzisha kodi ya kichwa. Agizo la kuhesabu watu lilitoka mwaka 1718, ukusanyaji ukaanza 1724. Babu zetu waliilipa kodi ya aina hiyo chini ya wakoloni, kwa hiyo dhana si ngeni. Tofauti ni kwamba sisi tulihesabiwa vichwa, Warusi walihesabiwa roho. Mwanamume mmoja, awe mtoto mchanga au kikongwe asiyeona, ni roho moja. Mwanamke hakutozwa kodi hiyo, kwa hiyo katika hesabu hakuwa roho. Kabaila aliyeulizwa ukubwa wa mali yake hakutaja ekari. Alisema, "Nina roho mia tatu," na msikilizaji akajua amkaribishe kwenye kiti gani.

Basi roho iliyokufa, katika lugha ya makarani, ni mlipakodi aliyefariki ambaye jina lake bado limo daftarini. Jina la riwaya ni msemo wa ofisini, na Gogol aliujua vizuri utamu wa kuuweka msemo huo juu ya jalada mahali ambapo kila Mkristo angeusoma kwa maana nyingine.

Jina la marehemu lilibakije daftarini? Kwa sababu sensa ya kodi haikufanywa mara kwa mara. Kuanzia ile ya kwanza iliyoanza 1719 hadi ya mwisho katika miaka ya 1850, zilifanyika 10 tu. Kati ya ya saba, ya miaka ya 1815 na 1816, na ya nane iliyoanza 1833, ilipita miaka zaidi ya 15. Katika muda huo wote daftari liliganda. Waliozaliwa hawakuandikwa, waliokufa hawakufutwa, na kabaila aliwajibika kuhakikisha kodi ya kila roho iliyoandikwa inafika serikalini. Serikali haikuona tatizo. Wengine wanakufa, wengine wanazaliwa, mwishowe hesabu inalingana. Na hata isipolingana, fedha zinaingia.

Kwa nini mtu auze marehemu wake?

Hapa ndipo mfano wa watumishi hewa unapotusaidia, na pia ndipo unapotupoteza. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilipopekua orodha za mishahara, ilitangaza kuondoa majina zaidi ya 10,000 ya watumishi wasiokuwepo. Mtumishi hewa ni jina linalokula. Halina mwili, lakini kila mwisho wa mwezi mshahara unatoka na kuna mtu anayeupokea. Mwenye jina la namna hiyo hawezi kuliuza kwa bei ya kutupa, maana linamletea kipato.

Roho iliyokufa ilikuwa kinyume chake: jina linaloliwa. Marehemu halimi, hafumi, halipi chochote kwa bwana wake, lakini mwaka baada ya mwaka bwana anamlipia kodi kana kwamba yuko shambani anapalilia. Kijiji kilichopitiwa na homa ya mlipuko kilimwachia kabaila hasara mara mbili: nguvukazi imekwenda, kodi imebaki. Mtu akimjia kabaila huyo akamwambia, "Niuzie wafu wako, kuanzia leo kodi yao juu yangu," kabaila anahisi ameokota dodo chini ya mwarobaini.

Kwa upande wa muuzaji, basi, biashara hii ina mantiki kamili. Fumbo ni mnunuzi.

Faida ya Chichikov inatoka wapi?

Mnunuzi ni Pavel Ivanovich Chichikov, bwana wa makamo, si mnene si mwembamba, msafi, mwenye adabu, mjuzi wa kumsikiliza kila mtu na kukubaliana naye. Alikuwa afisa forodha akafukuzwa kwa kushirikiana na wafanya magendo. Baada ya hapo akawa wakala wa kushughulikia makaratasi ya watu, na siku moja akapewa kazi ya kuweka rehani watwana wa kabaila aliyefilisika.

Makabaila walikuwa wakikopa kwa kuweka rehani roho zao katika taasisi za fedha za serikali. Mojawapo ilikuwa Baraza la Walezi, chombo kilichosimamia nyumba za kulelea watoto yatima na papo hapo kikakopesha fedha. Yatima na mikopo chini ya paa moja: hilo Gogol hakulibuni. Chichikov, akiogopa kulaumiwa baadaye, anamdokeza katibu wa Baraza kwamba karibu nusu ya watwana wanaowekwa rehani wamekwisha kufa. Katibu anauliza swali moja tu: si bado wamo katika orodha ya sensa? Wamo. Basi unaogopa nini? Huyu amekufa, yule atazaliwa, kazi inaendelea.

Jibu hilo ndilo kitabu kizima. Karani wa mkopo hahitaji mtu. Anahitaji mstari katika daftari. Chichikov analirudia kichwani na hesabu inajipanga yenyewe. Akiwanunua marehemu kabla ya sensa mpya kufanyika, kisheria watakuwa watwana wake, hai kabisa katika karatasi. Tuseme amepata 1,000. Baraza linatoa rubli 200 kwa kila roho. Hizo ni rubli 200,000. Bei atakayowanunulia? Rubli mbili na nusu kwa mmoja akikutana na muuzaji mgumu, bure akikutana na mpumbavu. Na hivi karibuni kumepita maradhi, watu wamekufa wengi, anawaza, Mungu ashukuriwe! Waswahili tuliosema kufa kufaana hatukudhani mtu angelifanyia msemo huu mahesabu kwa kiwango hicho.

Kikwazo kimoja kinabaki. Sheria ilidai mwenye watwana awe na ardhi ya kuwaweka, na Chichikov hana hata kiwanja. Lakini mikoa ya kusini, Kherson na Taurida, ilikuwa na ardhi tupu ambayo serikali iliigawa bure kwa yeyote atakayeleta watu wa kuikalia. Atawanunua kwa ajili ya kuwahamishia huko. Kijiji kitakuwepo kwa karatasi, wakazi kwa karatasi, na fedha taslimu mkononi. Muda ni suala la kukimbizana na sensa: siku daftari jipya litakapoandikwa, kijiji chake kitayeyuka, na mkopaji atakuwa ameshatoweka.

Kosa la jinai liko wapi hasa? Wasomaji hubishana sana juu ya hili. Ukiangalia hatua moja moja, karibu kila karatasi ni halali: hati ya mauzo imesajiliwa, ushuru umelipwa, kodi inaendelea kulipwa. Uongo unaingia pale tu marehemu anapopelekwa mbele ya mkopeshaji kama mtu wa kufidia deni, na hata hapo mkopeshaji ndiye aliyemfundisha tapeli asijali. Mwanasheria angeweza kupata shitaka. Gogol haonyeshi nia ya kumsaidia.

Wauzaji

Sasa, msomaji akiwa na hesabu hii mkononi, kurasa za kati zinabadilika kabisa. Chichikov anafika katika mji wa mkoa usiotajwa jina akiwa na mwendesha farasi wake Selifan na mtumishi wake Petrushka, anafanya urafiki na gavana na wakubwa wote, halafu anaanza kuzunguka kwa makabaila watano. Kila mmoja anaulizwa swali lile lile. Kila mmoja anajibu kwa tabia yake.

Manilov, mtamu kama asali hadi anachosha, anashtuka kidogo, anauliza kama biashara hii haitapingana na kanuni za nchi na mustakabali wa Urusi, anahakikishiwa kwamba haitapingana, na anatoa marehemu wake bure. Gharama za hati juu yake. Nozdryov, mlevi na mcheza kamari, hataki kuuza. Anataka wabadilishane kwa farasi, kwa mbwa, au wacheze drafti, na mambo karibu yaishie kwa Chichikov kupigwa. Hao wawili wanachekesha, lakini nguvu ya kitabu iko kwa wengine watatu.

Bi Korobochka ni mjane mwenye shamba dogo, asali, manyoya ya ndege na katani. Marehemu wake ni karibu 18, na anawalalamikia: watu wamekufa, na kodi bado inadaiwa kama wako hai. Chichikov anaona amefika nyumbani. Anamwambia awauze. Bibi anatafakari na kumuuliza kama anataka kuwafukua. Akielezwa kwamba ni karatasi tu, hofu yake inahamia mahali pasipotarajiwa: sijawahi kuuza wafu, je, nikipunjwa? Afadhali angoje kidogo, pengine watakuja wafanyabiashara wengine, alinganishe bei. Chichikov anatoka jasho. Anamweleza kwamba wafu hawana bei kwa kuwa hawana faida yoyote. Bibi anajibu kwamba labda siku moja watahitajika kwa shughuli za nyumbani. Mwishowe tapeli anadanganya kwamba yeye hupewa zabuni za serikali, bibi anaona fursa ya kumuuzia unga na mafuta siku za usoni, na mauzo yanapita kwa rubli 15.

Watu wengi humcheka Korobochka kama mjinga. Mimi namwona ndiye mfanyabiashara makini kuliko wote. Mgeni amekuja usiku wa mvua, anataka kwa nguvu kitu anachosisitiza hakina thamani, na hataki kusema ni cha nini. Mwenye akili hapo ni yule anayeuliza bei ya soko. Na swali lake hilo ndilo litakalomwangusha Chichikov.

Sobakevich ni dubu aliyevaa suti. Mbele yake Chichikov anachagua maneno. Hasemi "waliokufa", anasema "wasiokuwepo". Sobakevich anamkatiza: unataka roho zilizokufa? Zipo. Rubli 100 moja. Chichikov, aliyetaka kuanzia kopeki 80 (kopeki 100 ni rubli moja), anadhani amesikia vibaya. Hapo dubu anaanza kutangaza bidhaa. Mikheev, fundi wa magari ya farasi, hakuna aliyetengeneza imara kama yeye. Stepan Probka, seremala, nguvu zake wewe acha tu. Milushkin mjenzi wa majiko. Telyatnikov fundi viatu, akichoma sindano kiatu kimekwisha, na pombe haonji. Chichikov anajitahidi kumkumbusha kwamba watu hawa wote ni wafu. Sobakevich anakubali, ni wafu kweli, halafu anaongeza: lakini hawa wanaohesabiwa hai siku hizi ni watu gani? Nzi tu. Bei inafungwa kwa rubli mbili na nusu, na baadaye inagunduliwa kwamba katika orodha amechomekea mwanamke, Elizaveta Vorobei, jina likiwa limekatwa mwisho ili lisomeke la kiume. Anamlaghai mlaghai, tena kwa kumuuzia roho ambayo hata kwa kipimo cha daftari si roho.

Plyushkin ndiye wa mwisho na ndiye anayeumiza. Ni tajiri kuliko wote, lakini anaishi katika lundo la takataka, anaokota njiani soli za viatu na vipande vya chuma, na ghalani mwake unga umekuwa jiwe. Watu wake wanakufa wengi na wengine wanatoroka. Marehemu tangu sensa iliyopita ni 120. Chichikov, moyo ukimdunda kwa furaha, anasikitika kwa sauti na kujitolea kubeba kodi yao kwa huruma tu. Mzee analia kwa shukrani. Watoro 78 wananunuliwa kwa kopeki 32 kila mmoja. Ukiikokotoa ni rubli 24 na kopeki 96, na Gogol ameiandika hesabu hiyo hivyo hivyo, hadi kopeki.

Daftari linapoanza kusema

Sehemu ninayoipenda zaidi haina kabaila ndani yake. Sura ya saba, asubuhi, Chichikov amekaa chumbani akinakili majina ili kuokoa ada ya mwandishi. Kila orodha ina sura yake: ya Sobakevich imeandika ufundi wa kila mtu, ya Plyushkin ni herufi za mwanzo tu. Akisoma anaanza, bila kukusudia, kuwawazia. Huyu seremala alikufaje, alianguka kutoka mnara wa kanisa? Huyu fundi viatu, alijaribu kufungua duka lake akafilisika? Huyu mtoro yuko gerezani au anavuta majahazi mtoni? Kwa kurasa chache wale aliowanunua kama tarakimu wanarudi kuwa watu wenye mikono, kiu na bahati mbaya. Halafu anatazama saa, anaona amechelewa ofisini, anavaa.

Ofisini, msajili mkuu anashangaa kusikia Mikheev ameuzwa: si uliniambia amekufa? Sobakevich hapepesi macho. Aliyekufa ni ndugu yake, anasema, Mikheev mwenyewe yuko hai na afya yake imezidi ile ya zamani. Hati zinapigwa muhuri. Ada anayotozwa Chichikov ni nusu tu, kwa kuwa ni rafiki wa wakubwa; nusu nyingine inaandikwa, Mungu ajuaye vipi, katika hesabu ya mteja mwingine. Kwenye karatasi ununuzi wake sasa unakaribia rubli 100,000 na mji mzima unaamini ni milionea.

Kuanguka kwake kunakwenda mbio. Nozdryov anaropoka dansini mbele ya gavana. Korobochka, aliyekosa usingizi kwa hofu ya kupunjwa, anaingia mjini na gari lake kuuliza roho zilizokufa zinakwendaje sokoni. Uvumi unalipuka: amepanga kumtorosha binti wa gavana, ni mtengeneza noti bandia, ni Napoleon aliyejibadilisha sura. Mwendesha mashtaka wa mkoa anafikiri sana, jambo ambalo hakulizoea, anarudi nyumbani na kufa. Ni hapo tu, anaandika Gogol, watu walipogundua kwamba marehemu alikuwa na roho kweli, ila kwa unyenyekevu wake hakuwahi kuionyesha.

Gogol ni mwandishi wa miujiza?

Wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu zaidi kwa tamthilia yake iliyotafsiriwa kama "Mkaguzi Mkuu wa Serikali", ambayo haina muujiza wowote: mji unamdhania kijana mpita njia kuwa mkaguzi, basi. Lakini anayesoma hadithi zake fupi za Petersburg anakuta pua inayotembea mjini na mzimu unaonyang'anya watu makoti, na anahitimisha kwamba Gogol ni wa ndoto na majinamizi. Ninadhani tunakosea. Kinachotembea katika hadithi hizo ni cheo.

Tangu 1722 watumishi wa Urusi walipangwa katika Jedwali la Vyeo lenye ngazi 14, kila ngazi na sare na vifungo vyake. Katika "Pua", ya mwaka 1836, Kovalyov ni wa ngazi ya nane. Anaamka hana pua, anaikuta mjini imevaa sare ya ngazi ya tano. Akiisogelea kwa woga kuidai, pua inamjibu kwamba hawana uhusiano wowote: kwa vifungo vyako, bwana, wewe ni wa idara nyingine. Na katika "Koti", Akaky Akakievich, karani wa ngazi ya tisa mwenye mshahara wa rubli 400 kwa mwaka, anajinyima chakula cha jioni na mishumaa ili ashone koti la rubli 80. Anaibiwa usiku wa siku ile ile anayolivaa. Anakwenda kwa mkubwa kuomba msaada, anakemewa kwa kutofuata ngazi, anaugua na kufa. Ofisi inapopata habari, kesho yake kiti chake kina karani mwingine, mrefu kuliko yeye, mwandiko umelala zaidi.

Kote humo kanuni ni ile ya katibu wa Baraza la Walezi. Mwenye karatasi yupo, asiye na karatasi hayupo, na mwili ni habari ya pembeni.

Maneno yanayozunguka bila msingi

Inasemwa kwamba Gogol aliandika kupinga utwana. Kitabu chake kilisomwa hivyo, na wachunguzi wa serikali, waliopitia vitabu kabla ya kuchapishwa, walikihofia hivyo. Katika barua ya Januari 1842 yeye mwenyewe anasimulia jinsi kikao cha wachunguzi hao mjini Moscow kilivyopokea mswada. Mwenyekiti aliposikia jina tu alipiga kelele: roho haifi, mwandishi huyu anapinga uzima wa milele! Walipomweleza kwamba ni roho za sensa, akasema hiyo ni mbaya zaidi, basi anapinga utwana. Mwingine alilalamikia bei: rubli mbili na nusu kwa roho ya binadamu, wageni wa nje watatuonaje? Kitabu kilipitishwa na wachunguzi wa Petersburg, kwa sharti la kuongezewa jina la kulainisha, "Safari za Chichikov", na kuandikwa upya kwa kisa kimoja cha ndani.

Lakini mwaka 1847 Gogol alitoa kitabu cha barua ambamo anawashauri makabaila wawe wazazi wema wa watwana wao, na hasemi popote kwamba waachiwe huru. Mhakiki Vissarion Belinsky alimjibu kwa barua kali iliyosambazwa kwa mkono. Mwandishi kijana Fyodor Dostoevsky aliisoma mbele ya wenzake, na mwaka 1849 kosa hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyomfanya ahukumiwe kupigwa risasi, adhabu iliyobadilishwa dakika za mwisho kuwa kazi ngumu Siberia. Kwa hiyo tuna riwaya inayouvua nguo mfumo, na mwandishi anayeutetea. Sioni haja ya kuchagua moja ili kufuta nyingine.

Dostoevsky huyo huyo anabebeshwa usemi maarufu, "Sote tumetoka ndani ya 'Koti' la Gogol." Haumo katika maandishi yake. Aliyeusambaza ni Mfaransa Eugène-Melchior de Vogüé, aliyeunukuu katika miaka ya 1880 bila kumtaja msemaji kwa jina.

Je, ni Mrusi au Mukraini? Tangu vita vya 2022 swali hili limepata makali mapya. Alizaliwa mwaka 1809 katika eneo la Poltava, Ukraine, akakulia huko, vitabu vyake vya kwanza vilivyompa jina vimejaa vijiji vya huko, na aliandika kwa Kirusi. Alipoulizwa na rafiki mwaka 1844, alijibu kwamba yeye mwenyewe hajui roho yake ni ya upande gani, na kwamba hataki kuupa upande wowote ubora juu ya mwingine.

Ama ile ya kwamba alizikwa hai, hakuna ushahidi wa maana. Alikufa Moscow mwaka 1852 baada ya kukataa kula kwa siku nyingi, huku madaktari wakimbandika ruba puani. Siku kumi hivi kabla ya kifo, usiku, alichoma mswada wa sehemu ya pili ya riwaya yake. Sura zilizosalia ni za nakala za awali, na ndani yake Chichikov anakamatwa, kwa wosia wa kughushi.

Na mkopo? Hapo wengi hushangaa: katika sehemu ya kwanza hakuna hata rubli moja inayotolewa. Chichikov anaondoka mjini na sanduku la hati, na kitabu kinaisha gari likiwa njiani. Dirisha lile la mikopo lilikuja kufungwa na serikali yenyewe. Mwaka 1859 taasisi zake ziliacha kukopesha kwa rehani ya watwana, na wakati huo karibu theluthi mbili ya watwana wote wa makabaila walikuwa tayari wamewekwa rehani. Utwana ulipofutwa miaka miwili baadaye, madeni hayo yalikatwa kwenye fidia waliyopewa makabaila kwa ardhi yao. Fidia yenyewe walitakiwa kuirudisha wakulima, kidogo kidogo kila mwaka, na waliendelea kuilipa mpaka ilipofutwa mwaka 1907.